Msomaji wa Jiwe la Kisaju

Jeylani alikuwa mchuuzi wa mbuzi, na mbuzi ndio waliomfikisha kwenye jiwe. Mwaka wa tisini na nane, mvua za El Niño zilipokwisha na barabara ya Namanga kuanza kupitika tena, alipata mteja mzuri pale Kisaju: Munyiva, mama wa Kikamba mwenye hoteli ya nyama choma. Hoteli yenyewe ilikuwa na jiko nyuma, friji ya bia katikati, na mbele baraza refu la kuuzia vinyago na shanga. Magari ya watalii waendao Amboseli yalisimama hapo kwa sababu ya choo kisafi. Munyiva hakuona haya kusema kwamba choo hicho ndicho kilichomsomeshea watoto.

Asubuhi moja Jeylani alimkuta amechuchumaa barazani mbele ya jiwe.

"Wewe ni Mwislamu," Munyiva akamwambia hata kabla ya salamu. "Kuja uniambie hii kitu imeandikwa nini."

Lilikuwa jiwe la matumbawe, jeupe lililopauka, upana wake kama meza ndogo ya chai, na juu yake zimechongwa herufi za Kiarabu zilizosongamana mstari kwa mstari. Lilitoka Ungamoni, pwani ya kaskazini, kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yake. Kyule, binamu ya Munyiva, alikuwa kibarua huko. Njia ya kupitia magofuni ilikuwa ikipanuliwa ili makundi ya watalii yapishane bila kusukumana, na kaburi moja lililokuwa pembeni likaonekana linaziba njia. Wakalibomoa, wakarundika mawe kando. Kyule alichagua hilo lenye maandishi, akalipakia kwenye lori la nazi, akamletea binamu yake zawadi.

"Anasema ilikuwa imetupwa tu," Munyiva akasema.

Jeylani akapiga magoti, akasoma. Kusoma hakukumpa taabu. Babake, Malim Muhumed, ndiye aliyefundisha Kurani watoto wote wa Kisomali pale Kitengela, na mwanawe alimfundisha kwa ukali zaidi ya wengine. Mstari wa kwanza ulikuwa bismillahi. Wa pili, aya isemayo kila nafsi itaonja mauti. Chini yake lilikuwapo jina la mwanamke, na jina la baba yake, na ombi kwamba anayepita amwombee rehema. Jeylani alilitamka lile jina mara moja, kwa sauti ya chini. Mimi silitaji hapa, na sababu utaiona.

"Ni la kaburi," akasema. "Kuna mama amezikwa."

"Woi, maskini," Munyiva akasema, akaenda kuangalia maini yasiungue.

Hapo ndipo Jeylani alipopaswa kusimama na kusema jiwe hili lirudi kwao. Alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba akitaka msaada, mtu wa kuambiwa ni babake, na babake angeuliza limeonekana wapi. Malim Muhumed alijua mwanawe anapeleka mbuzi Kisaju. Hakujua kwamba wanaliwa pamoja na bia. Basi Jeylani akasema moyoni kwamba atalishughulikia juma lijalo. Unajua majuma ya namna hiyo yalivyo marefu.

Munyiva aliliegemeza jiwe ukutani, kati ya twiga wa mbao na ngao za Kimaasai. Halikuwa la kuuza, alisema, lilikuwa la kuvutia macho tu. Na kweli wageni walikuwa wakisimama, wakiinama, wakiuliza. Munyiva akawa anamwita Jeylani kila akimwona na mbuzi wake: kuja, hawa wanataka kujua.

Mara ya kwanza alisema kweli tupu. Hapa pamezikwa mwanamke fulani, binti wa fulani, mwombeeni. Mzungu aliyeuliza akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akaenda kutazama shanga.

Parsaoti, dereva wa gari la watalii, kijana wa Kimaasai aliyekuwa na mdomo kuliko injini yake, alimcheka waziwazi. "Sasa hiyo ni story gani, Jeylani? Mtu amekufa, kwisha? Hata kwa bibi yangu watu wamekufa. Wape kitu!"

Jeylani akawapa kitu. Kilianza kidogo, chumvi kiasi cha kuonjea. Mwanamke akawa tajiri. Tajiri akawa binti wa sultani. Binti wa sultani akapata jina jepesi kwa ndimi za wageni, Zuhura, na mchumba kutoka Uajemi asiyemtaka, na kikombe cha sumu usiku wa kuamkia harusi. Wanawake wa Kizungu walifuta machozi kando ya twiga wa mbao. Waliacha chochote mezani kwa msomaji, na Jeylani alizoea kukipokea bila kukitazama, jinsi anavyopokea mtu asiyependa kujiona.

Lakini uongo haukuwa shida yake kubwa, ingawa ulitosha. Shida ilikuwa maji.

Herufi za jiwe lile zilionekana vizuri asubuhi tu, jua likiwa la ubavuni. Kufika saa sita mwanga uliangukia jiwe moja kwa moja, na picha hazikutoka. Jeylani akakumbuka ubao wa duksi, chuo cha babake. Watoto wa duksi huandika kwenye mbao kwa wino wa makaa na gundi ya mgunga. Maandishi yakififia huyapitia upya kwa wino, na aya ikishahifadhiwa ubao huoshwa na kusuguliwa hadi uwe mweupe tena. Mikono yake ilifanya kazi hiyo tangu hajang'oka meno ya utoto. Basi akachukua birika, akalimwagia jiwe maji, akazipitia herufi kwa wino wa makaa. Zikasimama nyeusi ti. Wageni wakapiga picha kwa raha.

Wino ukipata vumbi la Kisaju uligeuka tope. Hapo alilisugua jiwe kwa waya wa kusugulia sufuria, akaanza upya. Kwa ubao wa mbao ngumu hakuna ubaya. Matumbawe yaliyolala miaka mamia kwenye kivuli cha kaburi ni kitu kingine. Kila msuguo uliondoka na unga mweupe, na unga huo ulikuwa ndiyo maandishi. Jeylani aliuona ukishuka na maji barazani, ukipita chini ya viatu vya watalii hadi kwa mbwa wa Munyiva. Katika duksi ya babake, maji yaliyoosha ubao hayamwagwi mahali panapokanyagwa. Aliwahi kuchapwa kwa kosa hilo akiwa mdogo, akalia siku nzima. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, akanyanyua birika tena.

Mwaka wa tatu, mgeni mmoja mwenye miwani alimuuliza neno lipi hasa ndilo Zuhura. Alitaka kulipiga picha lenyewe peke yake. Jeylani akashika ndevu, akasema mwanga umekuwa mbaya. Yule bwana alipoondoka akalitazama jiwe kwa makini kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mahali pa jina palikuwa pamelika pote, pamebaki pachafu pasipo herufi ya kushika. Akachovya kijiti kwenye wino, akaandika hapo hapo, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na babake: Zuhura. Usiku huo alijifunika blanketi hadi kichwani, akamwambia mkewe Sirad kwamba ni homa.

Mutheu alifika Kitengela mwaka wa elfu mbili na mbili. Alikuwa afisa kijana wa ofisi inayotunza mambo ya kale, msichana wa Kikamba mwenye sauti ya upole na gari la serikali lenye kelele. Mwongoza watalii mmoja wa pwani alikuwa amepitia Kisaju na wageni wake, akaliona jiwe, akaenda kusema kwao Ungamoni. Mutheu hakujua Kiarabu, na hakutaka kwenda kwa Munyiva peke yake. Akaenda kwanza msikitini kuomba mtu wa kumsomea. Wakampeleka kwa Malim Muhumed, kwa sababu mtu wa kusoma Kitengela nzima alikuwa yeye.

"Macho yangu yamekwisha," Malim akamwambia. Ilikuwa kweli, mtoto wa jicho alikuwa amemziba yote mawili. "Lakini mwanangu anasoma kama mimi. Nitakuja naye."

Jeylani aliitwa kutoka sokoni. Alipoambiwa safari ni ya wapi, alianza kutafuta kisingizio. Angeweza kusema ana mbuzi wa kupeleka Kajiado. Lakini babake alikuwa ameshavaa kanzu yake ya Ijumaa, siku yenyewe ikiwa Jumanne, amekaa kiti cha mbele cha gari la serikali akitabasamu.

Njiani Mutheu aliwaeleza kisa chote, na kila neno lilimchoma Jeylani pale nyuma alipokaa. Njia ile ya watalii Ungamoni ilileta ugomvi mkubwa, alisema. Wenyeji walitaka wageni waje, kwa kuwa wanauza madafu na kutembeza watu. Hawakutaka makaburi yavunjwe kwa ajili hiyo. Mwishowe walikubaliana njia izungushwe, na kaburi lijengwe tena mahali pake. Mawe yalipatikana yote isipokuwa moja.

"Hilo ndilo liko na jina," Mutheu akasema. "Wamama wa huko wamekuwa wakiombea hiyo kaburi tangu zamani, lakini hakuna mtu anajua ni ya nani. Wanaita tu Kaburi ya Mama. Hakuna aliyewahi kuisoma vizuri, na hakuna aliyewahi kuichora wala kuipiga picha kabla ya kubomolewa. Sasa wanataka kumwita kwa jina lake. Waliniambia nisirudi bila jina."

"Haki yao," akasema Malim. "Jeylani, umesikia?"

"Nimesikia, aabo," akamjibu babake.

Watalii walilipiga picha jiwe lile mara nyingi mno. Picha hizo zilikuwa kwenye albamu za watu ambao hakuna aliyejua majina yao wala miji yao, na katika nyingi kati ya hizo maandishi yalikuwa ya wino wa Jeylani. Aliliwaza hilo kutoka Kitengela hadi Kisaju.

Walipofika, Munyiva alitoka jikoni akipangusa mikono. Hakujua kuna la kuficha, basi hakuficha. "Jeylani! Leo umeletwa na gari kama waziri! Na huyu ni mzee wako? Karibu, baba. Huyu kijana wako ndiye anashikilia hii hoteli, wageni wanakuja kumsikiza yeye, mimi nauza tu soda." Adabu ndiyo iliyomfanya aseme soda. Harufu ya bia ilisema yake.

Malim Muhumed aligeuza uso polepole kuelekea alikodhani mwanawe amesimama. Jeylani alitamani akemewe mbele ya watu wote kuliko kugeukiwa vile.

Munyiva alipoelezwa alibisha kidogo kwa sababu ni tabia yake. Jiwe lilikuwa zawadi, hajamwibia mtu. Kisha Mutheu akazungumza naye Kikamba, maneno machache ambayo Jeylani hakuyaelewa, na mama yule akatazama chini.

"Si ungeniambia ni mtu anatafutwa," akamwambia Jeylani. "Mimi nilijua ni kaburi imeachwa. Wewe ulikuwa unasoma."

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Mutheu akachuchumaa mbele ya jiwe, akafungua kalamu. "Dereva mmoja aliniambia ni Zuhura. Ndiyo hii?" Kidole chake kiligusa neno jeusi.

Acha niseme mambo yalivyokuwa kichwani mwa Jeylani, maana ndipo palipokuwa pagumu. Msichana hakujua Kiarabu. Babake hakuona. Wamama wa Ungamoni walitaka jina, na Zuhura ni jina zuri la Kiislamu, mtu yeyote angefurahi kuitwa hivyo. Neno moja tu, na kila mtu angerudi kwake akiwa ameridhika. Alilisaka lile jina la kweli kwa mara ya mwisho. Alijua alilitamka pale pale akiwa amepiga magoti. Alikumbuka vumbi, harufu ya maini, hata kanga aliyovaa Munyiva. Jina halikuja. Kila alipolinyooshea mkono, Zuhura alijitokeza mbele, na mchumba wake wa Uajemi, na kikombe chake.

"Ndiyo," akasema. "Zuhura."

Mutheu akaandika. Malim Muhumed akaomba aongozwe hadi kwenye jiwe. Akaweka fimbo chini, akainua mikono, kwa kuwa marehemu ameomba aombewe na kila apitaye, na yeye alikuwa anapita.

"Ewe Mola, mrehemu Zuhura," akaanza. Kisha akageuza kichwa. "Binti wa nani?"

Sasa ujue kwamba Malim Muhumed aliweza kutaja baba zake mmoja baada ya mwingine, kurudi nyuma hadi mahali ambapo hata ngamia walikuwa na majina mengine. Jeylani naye alizitaja nasaba hizo kabla hajajua kuhesabu. Kwao, mtu asiye na jina la baba ni mtu ambaye hajatajwa bado.

"Binti wa sultani," Jeylani akasema.

"Sultani hana jina?"

Jeylani akafungua mdomo. Angeweza kubuni sultani pia. Kubuni kulikuwa kazi yake. Mikono ya babake ilikuwa bado juu, imekonda, imekaa wazi, ikingoja jina ili impelekee Mungu. Hapo Jeylani alishindwa.

"Aabo, shusha mikono. Hilo si jina lake."

Mutheu aliinua kalamu.

"Lake nililisoma siku ya kwanza. Lake na la babake, yote mawili. Kisha nikawa naliosha ili watu wapige picha. Nikalisugua hadi likaisha, nikaandika hilo lingine mwenyewe. Sasa silikumbuki."

"Hulikumbuki namna gani?" akauliza Mutheu. "Hata herufi ya kwanza?"

"Hata herufi ya kwanza."

Msichana yule alikaa chini kabisa barazani, sketi yake safi kwenye vumbi. "Nitawaambia nini?" akasema, na hakuwa anamuuliza mtu. Malim Muhumed alinyoosha mkono, akalipapasa jiwe. Vidole vyake vilipita juu mahali palipokuwa bado na bismillahi kidogo, vikashuka kwenye aya, vikafika mahali pa jina, vikateleza kama kwenye sahani. Akavirudisha, akapapasa tena. Vilitoka vyeusi kwa wino. Jeylani alitaka kumpa leso, akaogopa kumgusa.

Walilibeba jiwe wakiwa wanne, Jeylani na vijana watatu wa jikoni kwa Munyiva, wakaliweka chini nyuma ya gari ili Mutheu alifunge kwa magunia. Malim alikuwa ameketi kitini kando, fimbo mapajani.

Ndipo gari la Parsaoti likaingia na wageni wake, vumbi na kelele kama kawaida. Parsaoti akashuka, akaona jiwe limelala nyuma ya gari la serikali, akamwona Jeylani amesimama tu mikono mitupu.

"Sopa, Jeylani! Inaenda wapi? Ngoja, hawa watu wangu wameisikia tangu Nairobi! Kuja uwasomee kabla haijaenda."

Jeylani akatikisa kichwa.

"Umeshindwa? Basi wacha, mimi naijua yote." Parsaoti akawakusanya wageni kulizunguka jiwe, akakohoa, akaanza kwa Kiingereza. Aliijua kweli. Alikuwa ameisikia mara nyingi mno, na aliitoa neno kwa neno, na mapumziko yale yale, na kushusha sauti pale pale Jeylani alipokuwa akishusha. Zuhura, akasema. Zuhura, wageni wakarudia. Mmoja wao akafungua chupa yake ya maji, akauliza kama anaruhusiwa kulimwagia.

Mutheu alimkimbilia kumzuia. Malim Muhumed hakujua Kiingereza, lakini jina alilisikia. Akageukia upande wa mwanawe, akamuuliza kwa Kisomali, polepole, kwa ile sauti aliyotumia kuwauliza watoto wa duksi.

"Huyu anasema nini?"

"Anawasimulia habari za jiwe, aabo."

"Amejifunza kwa nani?"

"Kwangu."